Maji ya kifuu: tunasomea kulinda bahari ipi?

Nianze na picha, manake hii mada ukiianza na nadharia watu wanasinzia. Kuna mji unaitwa Key West, kusini kabisa mwa Florida kule Marekani, ambako kwa miaka na miaka watalii wamekuwa wakipanda boti asubuhi kwenda kuvua kwa burudani, jioni wakirudi wanatundika walichopata kwenye ubao pale gatini, wanasimama pembeni, wanapigwa picha. Mtafiti mmoja, Loren McClenachan, akazichimbua zile picha za zamani, akazipanga kuanzia 1956 mpaka 2007, akawa anapima samaki mmoja mmoja kwenye picha, na mwaka 2009 akachapisha alichokuta. Mwanzoni ubaoni kuna machewa makubwa, mengine yanamzidi mtu kimo, na papa ambao kwa wastani walikaribia mita 2. Mwishoni kuna vichangu vya sentimita 34 hivi. Wastani wa uzito umetoka kilo 19.9 ukashuka mpaka kilo 2.3.

Ila siyo hizo namba zilizonikaa kichwani. Kilichonikaa ni watu. Ziangalie hizo picha ukiwa umefunika samaki kwa kiganja, hutajua ipi ni ya 1957 na ipi ni ya 2007 labda kwa nguo tu, meno yote nje, kila mmoja anaona leo kapata kweli kweli.

Wahenga walishalisema hili kabla ya sayansi yoyote: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Chungu, yani sisimizi, hajakosea, kwa kipimo chake yale maji kweli ni bahari. Shida inaanza pale chungu anapopewa kazi ya kulinda bahari.

Hicho ndicho kitu ambacho Daniel Pauly, mwanasayansi wa uvuvi aliyeko Canada, alikiandika mwaka 1995 kwenye makala ya ukurasa mmoja, narudia, ukurasa mmoja tu, na imekuja kuwa moja ya makala zinazotajwa sana kwenye fani nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kizazi cha wataalam wa uvuvi kinachukua hali kilichoikuta wakati kinaanza kazi kama ndo hali ya kawaida, kinapima upungufu kuanzia hapo, kikistaafu kinakuja kingine kinaanzia pale pabovu zaidi, na chenyewe kinapaita kawaida. Mstari wa kuanzia unahama kimya kimya. Hamna aliyedanganya, hamna aliyeficha takwimu, ni usahaulifu tu unaorithiwa kama shamba.

Sasa mimi ninachotaka kusema leo ni kwamba biolojia ya uhifadhi wa bahari, hii degrii ambayo vijana wengi wanaiomba siku hizi, kwa kiini chake ni sayansi ya kumbukumbu kabla haijawa sayansi ya viumbe, na inavyotangazwa na mara nyingi inavyofundishwa haifanani na hivyo hata kidogo. Ukiangalia tangazo la kozi utaona pomboo, kasa, msichana kavaa miwani ya kuzamia, matumbawe yanang'aa kama maua, na mtu anajiunga akiamini anakwenda kuogelea na nyangumi kwa cheti. Halafu anakutana na takwimu muhula wa kwanza, anakutana na R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, anaanza kulia.

Siwacheki. Mapenzi ya kuzamia ndo yaliyowaleta wengi wa wazuri waliopo. Ila tuongee ukweli kuhusu kazi yenyewe ilivyo.

Chukua kazi ya msingi kabisa, kuhesabu samaki kwenye mwamba wa matumbawe. Unashuka na kibao cheupe cha plastiki na penseli iliyofungwa kamba isije ikaelea ikapotea, mwenzako anatandaza tepu ya mita 50 chini, wewe unaogelea taratibu juu ya ile tepu ukiandika kila samaki unayemwona ndani ya mita 2 na nusu kushoto na kulia, spishi gani, wangapi, urefu wao kwa makadirio ya macho. Inasikika rahisi. Lakini samaki hawasimami wakungoje, wengine wanakukimbia, wengine wanakufuata kwa udadisi na unaweza kumhesabu mmoja mara nne, na juu ya hapo miwani ya kuzamia inakudanganya, manake mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyomo ndani ya miwani unapinda na kila kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja. Kwaiyo samaki wa sentimita 30 wewe unamwona wa 40. Utasema kosa la sentimita 10 ni nini? Uzito wa samaki unaenda na kipeo cha tatu cha urefu wake, piga hesabu, hapo umeandika uzito zaidi ya mara mbili ya ule wa kweli. Mwamba uliochoka umeshauandikia afya njema.

Ndo maana watu makini kabla hawajaanza kukusanya takwimu wanafanya mazoezi na samaki wa mbao au vipande vya bomba la plastiki vilivyokatwa kwa urefu unaojulikana, vinatupwa chini, unakadiria, unapanda juu unaambiwa umekosea kwa kiasi gani, unashuka tena, mpaka jicho linyooke. Hii kazi inachosha na haina picha ya kupost. Lakini kama jicho lako halijanyooshwa, na la yule atakayekuja miaka 15 baadae halijanyooshwa vile vile, mkilinganisha takwimu zenu mnalinganisha macho mawili, siyo bahari mbili.

Na hapo tunazungumzia samaki wanaoonekana. Spishi za bahari zilizokwisha kupewa majina rasmi ni kama laki mbili na nusu hivi, na kuna makadirio ya mwaka 2011 yanayosema karibu tisa katika kila kumi bado hazijaandikwa na sayansi. Siku hizi unachota chupa ya maji, unaichuja, unasoma DNA iliyoachwa na viumbe waliopita pale, unapata orodha ya spishi bila kumwona hata mmoja. Ni teknolojia nzuri sana naikubali, lakini inakwambia nani yupo leo. Haikwambii babu yake alikuwa na ukubwa gani.

Na "yupo" lenyewe ni neno la kuogopwa. Kuna konokono mkubwa wa baharini huko California, abaloni mweupe, alivuliwa kwa pupa miaka ya 70, mwaka 2001 akawa mnyama wa kwanza wa baharini asiye na uti wa mgongo kuingizwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Shida yake siyo kwamba wameisha wote. Wapo. Ila hawa wanazaliana kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na ili vikutane inabidi dume na jike wawe karibu, mita chache tu, sasa waliobaki wametawanyika kila mmoja peke yake kwenye jiwe lake, wanamwaga mbegu zinapotelea kwenye maji. Kiumbe yupo, kizazi hakipo. Ukienda na orodha ya yupo au hayupo utaweka alama ya vyema ukaenda kula.

Turudi kwenye kumbukumbu, manake hapa ndo pana kisa ambacho kila mwanafunzi anapaswa akijue kama anavyojua jina lake. Chewa wa Newfoundland, Canada, siyo hawa chewa wa kwenye matumbawe, nasema wale wa Atlantiki ya kaskazini wa mafuta ya ini. Walivuliwa karibu miaka 500. Mwaka 1883 kule London, Thomas Huxley, mwanasayansi mkubwa wa enzi zake, alisimama kwenye maonesho ya uvuvi akasema uvuvi wa chewa, na pengine uvuvi wote mkubwa wa baharini, hauwezi kuisha, na kumtendea haki aliongeza kwamba anaongelea njia za uvuvi za wakati huo. Huo mkia wa sentensi watu waliutupa. Zikaja trola, meli zinazokokota nyavu na kugandisha samaki humo humo, mwaka 1968 wakavua kama tani 800,000 kwa mwaka mmoja.

Sasa angalia palipoharibika kisayansi. Katika miaka ya 80 wavuvi wa boti ndogo za ufukweni walikuwa wanapiga kelele kwamba samaki wamepungua na wamekuwa wadogo. Wataalam walikuwa na takwimu, na sehemu ya takwimu hizo ilikuwa ni kiasi ambacho trola zinapata kwa saa, na kiasi hicho kilikuwa kizuri tu. Kwanini kilikuwa kizuri? Kwa sababu trola ina sona, kifaa cha kutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti, haiendi kuvua popote, inakwenda pale samaki waliobaki wamejikusanya, na chewa wakipungua wanajikusanya zaidi. Ni kama kupima idadi ya watu mjini kwa kuhesabu foleni ya kituo cha basi, mji unaweza ukahamwa nusu na foleni ikabaki ndefu ile ile. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi, zaidi ya watu 30,000 wakakosa kazi, ikasemwa ni kwa miaka miwili. Ulikuja kufunguliwa rasmi mwaka 2024, miaka 32, na kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa tani 18,000.

Linganisha 18,000 na 800,000. Halafu jiulize kijana aliyezaliwa pale 1995, akiambiwa uvuvi umefunguliwa, yeye kwake tani 18,000 ni neema. Kwake ni bahari.

Kwaiyo nikisikia mtu anasema maneno ya wavuvi ni stori tu, siyo data, najiuliza yeye takwimu za trola angeziitaje. Mzee aliyevua miaka 40 hana kosa kubwa kuliko miwani ya kuzamia, ana kosa la aina nyingine tu. Atakuza samaki wa ujanani kwake, sawa, kila mvuvi anakuza. Lakini ukiwauliza wazee 30 wa vijiji tofauti samaki mkubwa kuliko wote uliyewahi kumpata ulimpata mwaka gani na wapi, halafu ukawauliza vijana swali hilo hilo, majibu yakianza kupanga foleni kwa umri, hapo una takwimu. Watafiti wameshafanya hivi sehemu mbalimbali na imekuwa tawi kamili la fani, lina mbinu zake, lina makosa yake yanayojulikana. Ila kwenye kozi nyingi bado halipewi uzito kama wa kujifunza kuzamia.

Na hii inanipeleka kwenye hifadhi, ambako ndo hela na siasa zipo. Desemba 2022 huko Montreal nchi za dunia zilikubaliana kufikia asilimia 30 ya bahari iwe chini ya hifadhi ifikapo 2030. Lengo zuri, silipingi. Lakini asilimia ni namba ya ramani. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Graham Edgar wa Australia ilitoa utafiti wa hifadhi 87 katika nchi 40, wakakuta faida inakuja pale hifadhi inapokuwa na sifa kama tano: uvuvi umekatazwa kabisa, sheria inasimamiwa, ina zaidi ya miaka 10, ina zaidi ya kilomita za mraba 100, na imejitenga kwa maji ya kina au mchanga. Asilimia 59 ya zile hifadhi zilikuwa na sifa moja au mbili tu, na hizo ukizama ndani hutofautishi na nje. Zile zenye sifa nne au tano zilikuwa na uzito wa papa mara 14 kuliko maeneo yanayovuliwa. Mara 14! Na kitu ambacho hakikunukuliwa sana kutoka kwenye ule utafiti ni kwamba walitumia hifadhi bora kama dirisha la kuonea zamani, wakakadiria kwamba uzito wa samaki kwenye maeneo yanayovuliwa umeshuka kwa theluthi mbili hivi kulinganisha na ilivyokuwa. Yani hifadhi nzuri siyo ghala la samaki peke yake, ni kumbukumbu inayoogelea. Bila hiyo tungekuwa tunalinganisha kifuu na kifuu.

Mfano ninaoupenda ni Cabo Pulmo, kule Mexico, kijiji kidogo, eneo la kilomita za mraba 71 tu, chini ya ile sifa ya ukubwa. Wenyeji wenyewe walioona samaki wameisha ndo waliotaka pafungwe, ikawa hifadhi ya taifa 1995, na kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 460. Tunajua hiyo namba kwa sababu kuna mtu alihesabu 1999 wakati hapakuwa na kitu cha kusifia. Fikiria huyo mtu, kashuka kwenye mwamba mtupu, kahesabu vichache vilivyopo kwa uaminifu, kapanda. Siku hiyo ilikuwa siku mbaya ya kazi na ndo siku yenye thamani kuliko zote.

Kuna watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba zamani haitarudi, bahari inachemka, hayo mambo ya mstari wa kuanzia ni kuomboleza. Kweli kuanzia 2023 dunia imepita kwenye upaukaji wa matumbawe, yani kupoteza rangi kwa sababu ya joto, mkubwa kuliko wowote uliorekodiwa, zaidi ya asilimia 80 ya miamba ya matumbawe duniani ilipigwa na joto la kiwango cha kupausha. Hakuna hifadhi yenye uzio wa kuzuia joto. Hapo nakubali, anayeahidi kurudisha mwamba wa 1950 anauza ndoto. Lakini mwamba ukipauka nikitaka kujua umepoteza nini, nani atapona na nani harudi, nahitaji kujua kulikuwa na nini, na nikisahau hilo basi mwamba uliobaki na mwani na vichangu vitatu ndo utaandikwa kwenye ripoti ya 2040 kama hali ya kawaida ya eneo hilo, na kuna mtu atasherehekea vichangu vikifika vinne.

Kingine kinachoua kumbukumbu ni wageni. Tuliseme tu. Mtafiti anakuja na ufadhili wa miezi mitatu, anazamia pwani ya watu, anaondoka na takwimu, anachapisha kwenye jarida la kulipia, na pale alipotoka hakubaki hata faili moja. Wenyewe wanaita sayansi ya parachuti, na Asha de Vos wa Sri Lanka, mtaalam wa nyangumi, amekuwa akilipigia kelele kwa miaka. Watu hulijadili kama suala la heshima na haki, na ni kweli, lakini mimi nalitazama pia kama uharibifu wa kitaalam, manake mfululizo wa miaka 20 haujengwi na mtu anayekaa miezi mitatu. Unajengwa na aliyezaliwa pale, anayejua kwamba msimu ule maji yalikuwa machafu sababu ya mto, kwamba boya lilisogezwa, kwamba yule aliyehesabu 2011 alikuwa haoni vizuri.

Sasa hivi kuna bahari ambayo haina kabisa huo mfululizo. Mkataba wa bahari kuu uliopitishwa Juni 2023 umeanza kufanya kazi Januari 2026, unahusu maji yasiyo ya nchi yoyote, karibu theluthi mbili ya bahari yote, na unadai tathmini ya mazingira kabla ya shughuli zinazoweza kudhuru. Watakaoandika zile tathmini za mwanzo wengine wako darasani leo, au wanajaza fomu za kujiunga. Walichokiandika ndicho kitakachoitwa mwanzo, hata kama meli zilikuwa zimeshapita hapo miaka 60 kabla yao.

Thamani ya anayeandika mapema iko hapa: nguva wa Steller alionwa na mwanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1741, kufikia 1768 alikuwa ameisha, miaka 27 tu, na karibu kila tunachojua kuhusu alivyoishi, alivyokula, alivyokuwa na mwenzake, kinatoka kwenye daftari la mtu mmoja, Georg Steller, ambaye meli yao ilikwama kisiwani, wenzake wanakufa kwa ugonjwa, na yeye bado akawa anapima mnyama kwa kamba na kuandika. Mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi, simwambii anunue mapezi. Namwambia akaulize kituo cha uvuvi kilicho karibu naye wanaweka wapi madaftari ya samaki waliopokelewa miaka ya nyuma, aombe funguo za hiyo stoo, na kama kurasa zimeanza kuliwa na mchwa azipige picha zote siku hiyo hiyo.